Pampu ya Kubeba Safarini: Ipi Inastahili Pesa Yako?

Ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka Barabara ya Magadi kutoka Corner Baridi, mafundi wa baiskeli wanaadimika. Lami inashuka kuelekea Olorgesailie katikati ya migunga, na miiba haikosi kandokando yake. Ukienda upande wa Barabara ya Mombasa, adui ni mwingine: nyuzi za chuma zinazobaki baada ya matairi ya malori kupasuka, nyembamba kama sindano, ambazo huingia kwenye tairi la baiskeli ya mbio na kutokeza ndani kwenye tyubu. Anayeendesha kila wikendi atapata pancha tu. Kubadilisha tyubu ni kazi ya dakika chache. Kinachotesa watu ni kurudisha upepo, na mara nyingi tatizo lilianzia dukani, siku pampu iliponunuliwa.

Wanunuzi wengi hutazama mambo mawili, uzito wa pampu na namba iliyoandikwa ubavuni. Namba yenyewe huwa ya kuvutia: 120 psi, 140 psi, hata 160. Lakini inaeleza tu presha ambayo pampu inaweza kuhimili. Haikuambii kama mikono yako itaifikisha huko. Nguvu unayohitaji inategemea upana wa silinda. Pampu yenye silinda ya sentimita 2 inadai msukumo wa kama kilo 22 ili kuingiza upepo kwenye tairi lililofika 100 psi. Silinda ikiwa ya sentimita 3, msukumo unapanda hadi kilo 50 hivi. Mtu mwenye uzito wa kilo 60, aliyechuchumaa kando ya barabara saa saba mchana, hawezi kurudia hilo mara nyingi. Ndiyo maana pampu nene za baiskeli za milimani, ambazo hujaza tairi pana upesi, hukwama kwenye tairi jembamba la barabarani. Kwa safari za lami chagua silinda nyembamba, na ukubali kwamba utapiga mara nyingi.

Mara ngapi? Chukua tairi la 700 kwa milimita 28, ambalo sasa ndilo la kawaida kwenye baiskeli mpya za barabarani. Ndani yake kuna nafasi ya lita moja na robo hivi. Ulifikishe 70 psi kwa pampu ya silinda ya sentimita 2 ambayo mpini wake unasafiri sentimita 10 tu, yaani zile fupi zinazoingia mfuko wa jezi. Ukiwa Mombasa, usawa wa bahari, hesabu ya karatasini inatoa mipigo kama 190. Ukiwa Iten, kwenye mita 2,400, inapanda hadi 255 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na kila mpigo unabeba kidogo. Nairobi iko katikati ya hizo mbili. Barabarani mipigo itazidi hesabu hiyo, maana kila mara kuna upepo unaobaki kwenye silinda na kwenye kipira, yaani mrija unaounganisha pampu na valvu, bila kuingia tairini. Anayeishi nyanda za juu azingatie sana urefu wa pampu: sentimita 5 za ziada za mpini zinapunguza theluthi nzima ya kazi. Binafsi nasema pampu ya urefu wa kiganja ibaki dukani. Gramu 30 unazookoa utazilipa kwa jasho.

Habari njema ni kwamba presha tunazohitaji zimeshuka. Enzi za matairi ya milimita 23 watu walijaza 100 hadi 110 psi. Leo mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya 28 anakwenda vizuri kwa 70 au hata chini kidogo. Tena rimu mpya zisizo na kingo za ndani za kushikilia tairi zina ukomo wa bari 5, ambazo ni kama 72 psi. Kuzidisha hapo ni hatari, kwa kuwa tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kama rimu zako ni za aina hiyo, pampu yenye geji ni ya lazima. Kwa wengine wote geji ndogo inasaidia, ingawa kidole gumba cha mtu mzoefu kinatosha kumfikisha nyumbani.

Sasa kipira, na hapa ndipo ningekuomba usibane matumizi. Pampu za bei ya chini hubanwa moja kwa moja kwenye valvu. Valvu za baiskeli za barabarani ni zile nyembamba za Presta, zenye kijiti kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Ukisukuma pampu kwa nguvu huku mkono unayumba, kila yumbo linafika kwenye kijiti hicho, kinapinda, au tyubu inachanika pale shina la valvu lilipounganishwa na mpira. Tyubu ya akiba ikichanika hivyo safari imekwisha. Pampu yenye kipira cha kuunganisha inaondoa msukosuko huo: kipira kinacheza, valvu inatulia. Ila kuna jambo la kuangalia. Vipira vinavyofungwa kwa kuzungushwa wakati mwingine hutoka na kiini cha valvu, na upepo wote unakwenda. Dawa yake ni kukaza kiini kwa koleo ukiwa nyumbani kabla ya kuweka tyubu kwenye mfuko, au kununua pampu yenye kitufe cha kutoa presha iliyonasa ndani ya kipira kabla hujakifungua.

Wazee wetu waliobeba mizigo kwa baiskeli za Black Mamba walijua faida ya pampu ndefu. Ilikaa kwenye fremu, na kipira chake cha kitambaa kilifungwa kwa nyuzi pande zote mbili. Pampu za fremu za kisasa, kama Zéfal HPX ya Ufaransa, bado zinafuata urefu huohuo. Yenye mpini unaosafiri sentimita 35, kwa hesabu ileile ya silinda ya sentimita 2, inajaza tairi lile la 28 kwa mipigo kama 55 ukiwa pwani. Bei yake katika maduka ya Ulaya na Marekani ni dola 40 hadi 60. Kasoro ni kwamba fremu nyingi za kaboni zenye mabomba mapana na ya bapa hazina pa kuishikilia. Kama fremu yako ni ya chuma yenye mabomba ya mviringo, inunue wala usisome zaidi.

Vikopo vya gesi ya hewa ukaa vina wapenzi wengi, na kwenye mashindano nawaelewa. Kikopo cha gramu 16 kinajaza tairi la 28 kwa sekunde chache. Kwa hakika kinaweza kulipeleka karibu na 90 psi au zaidi, kwa hiyo wenye rimu za ukomo wa bari 5 wahakikishe kichwa cha kikopo kina valvu ya kupunguza mtiririko. Kikopo huganda barafu mkononi, kivalie glavu au kifuniko chake. Gesi hiyo pia hupenya mpira wa tyubu upesi kuliko hewa ya kawaida, hivyo kesho yake utalikuta tairi limelegea. Kila kikopo kinagharimu dola 3 hadi 5 na hutumika mara moja tu. Kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola, hiyo ni shilingi 390 hadi 650 kwa pancha moja. Pancha kumi zinafika bei ya pampu nzuri ya mkono, ambayo ingeendelea kufanya kazi. Na ukikosea kufunga kichwa, gesi inamwagika hewani na huna la kufanya. Asiyebeba pampu asitegemee vikopo peke yake katika Barabara ya Magadi.

Pampu za umeme zinazotosha kiganjani ndizo zinazozungumzwa sana miaka hii, na si bure. Ndogo kabisa zina uzito wa gramu 100 hivi, kubwa zake zina geji na hujizima zikifika presha uliyoipanga. Kwa mtu mwenye maumivu ya mabega au viganja dhaifu ni ukombozi wa kweli, na mtu wa namna hiyo ningemshauri anunue bila kusita. Bei inaanzia dola 60 na kufika 130, yaani shilingi 7,800 hadi 16,900 kabla ya usafirishaji na ushuru. Ndogo zina chaji ya tairi mbili tu hivi. Zinapata moto sana zikifanya kazi, kwa hiyo wenye tyubu nyepesi za plastiki watumie kile kipira cha nyongeza, vinginevyo joto linaharibu valvu. Chaji husahaulika kwa urahisi. Ukisafiri kwa ndege zibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu ya betri ya lithiamu; vikopo vya gesi navyo vinahitaji kuulizia shirika la ndege mapema.

Kwa mtu wa kawaida wa Nairobi, Arusha au Kampala anayetoka Jumamosi na wenzake, pesa yangu ningeiweka kwenye pampu ya mkono yenye kipira, silinda nyembamba, mwili wa alumini na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Lezyne na Topeak wana za aina hii kwa dola 35 hadi 60, sawa na shilingi 4,550 hadi 7,800. Topeak Road Morph G ni nzito kuliko nyingine, lakini ina kikanyagio cha mguu na mpini unaogeuka, hivyo unasukuma ukiwa umeegemeza uzito wa mwili chini. Za plastiki za dola 10 au 15 nyuzi zake za kufungia hulika haraka.

Kabla ya kulipa, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma mpini hadi katikati, kisha uachie. Ukirudi wenyewe kwa nguvu, washa ya ndani ni nzima. Ukibaki ulipo, upepo unavuja. Na wakati uko hapo kaunta, ongeza kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya Presta na kuifanya ipokee pampu za valvu nene za magari na pikipiki. Bei yake ni ndogo mno. Siku pampu yako ikikugomea, kiunganishi hicho kitakuwezesha kusimama kwenye kituo chochote cha mafuta, au kwa fundi wa bodaboda aliye chini ya mti, ukajaziwa upepo.