Unataka Kuchukua Mbwa Nairobi? Soma Hii Kwanza Kabla Utoe Doh

Siku hizi kila msee anataka mbwa. Ukifungua TikTok unapata dem anatembeza husky Kileleshwa, jamaa mwingine anapiga picha na boerboel kubwa kama ndama, na kapapi fulani kamelala kwa kochi kama mtoto wa sonko. Unaangalia keja yako, unaona pale kwa kona kuna nafasi. Halafu ukiwa kwa jam, msee anakuja na papi wawili mkononi, anakuapia ni German Shepherd wa ukweli, na kila ukitingisha kichwa bei inashuka.

Kupenda mbwa ni poa. Lakini ile siku ya kumnunua ndiyo siku rahisi kuliko zote. Mbwa akitunzwa fiti anaishi miaka 10 hadi 13, na wale wadogo wadogo wengi wanapitisha hapo. Sasa jiulize: miaka 10 iliyopita ulikuwa wapi? Wengi wetu tulikuwa bado tunavaa yunifomu. Tangu hapo umehama keja ngapi? Umebadilisha job mara ngapi? Umesota mara ngapi? Huyo mbwa atapitia hizo zote na wewe, na hana mahali pengine pa kwenda.

Kwa hivyo hizi hapa ndizo story ambazo msee wa kuuza papi hawezi kukuambia.

1. Bei ya papi ni kionjo tu

Tupige hesabu ya kawaida. Tuseme mbwa wako anakula dishi ya soo moja kwa siku. Hiyo ni 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Ukizidisha na miaka 10 unapata 360,000. Hapo ni chakula peke yake, na tumechukulia bei ya vitu haitapanda, jambo ambalo wewe na mimi tunajua ni ndoto.

Bado hujafika kwa daktari. Papi anaanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, halafu anarudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa anadungwa akifika miezi 3, kisha anarudia kila mwaka. Dawa ya minyoo papi anapewa kila wiki mbili akiwa mdogo, na akikua ni kila miezi 3 hivi. Kuna dawa ya kupe na viroboto, ju kupe wanaleta homa inayoweza kuua mbwa mzima kwa siku chache. Na usichukue ile dawa ya kuogeshea ng'ombe umwagie mbwa kwa kukadiria na kifuniko. Kipimo kikizidi unaweza kumuua mwenyewe.

Halafu kuna ile siku amemeza kitu, ama amegongwa na boda. Mbwa hana SHA. Unalipa cash, na pia unalipa teksi ya kumpeleka, ju makanga wengi wakiona mbwa wanakuambia ungoje gari inayofuata.

2. Papi wa barabarani anaweza kufa ndani ya wiki moja

Hii inaumiza watu sana. Unanunua papi mchangamfu, anaruka ruka, unampeleka home. Siku ya nne anakataa kula. Siku ya tano anatapika na kuhara damu. Kabla wikendi ifike, ameenda.

Mara nyingi hiyo ni parvo. Ni virusi vinavyoshambulia matumbo ya mbwa, hasa papi ambao hawajamaliza chanjo. Dalili hutokea siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, ndiyo maana papi anaweza kuonekana fiti kabisa siku unamlipia. Wengi wao wametolewa kwa mama mapema, wamepangwa kwa karatoni moja na papi wengine, na hakuna chanjo wamewahi kuona. Ukiambiwa "huyu ameshapigwa sindano zote," itisha kadi iliyo na tarehe na muhuri wa daktari. Kama hakuna kadi, chukulia hajachanjwa.

Mbaya zaidi, parvo inaweza kukaa kwa mchanga na sakafu kwa miezi mingi. Ukikimbia kununua papi mwingine umweke pale pale, unaweza kuzika wa pili. Safisha na dawa ya kloroksi, ngoja, na huyo mwingine aje tu akiwa amemaliza chanjo zake.

Na hiyo mambo ya "German Shepherd pure"? Masikio ya papi hayasemi mengi. Wasee wengi wamelipa bei ya Mjerumani na baada ya miezi sita wakapata kienyeji safi. Si vibaya btw, kienyeji ni mgumu na anazoea maisha ya huku. Ni vile tu ulilipishwa bei ya mwingine.

3. Keja si yako, na majirani hawakuulizwa

Kabla ya kitu chochote, soma ile karatasi uliyosaini ukiingia kwa nyumba. Ploti nyingi zimeandika wazi kwamba wanyama hawaruhusiwi. Caretaker anaweza kunyamaza papi akiwa mdogo. Mbwa akianza kubweka saa nane usiku, utapigiwa simu na landilodi mwenyewe, na hapo unachagua kati ya keja na mbwa. Tunajua vile hiyo huisha.

Fikiria pia kinyesi. Mbwa anaenda haja kila siku, mvua ama jua. Kwa bedsitter ya ghorofa ya nne, ambapo maji yanakuja siku mbili kwa wiki, nani anasafisha? Ngazi ni za watu wote, na watoto wa ploti wanachezea hapo hapo. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo ambayo inaingia kwa binadamu, na watoto ndio wa kwanza kushikwa.

Kuna mambo ya heshima pia. Kama mnakaa na majirani Waislamu, mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wanafuata Pwani. Mbwa akiramba nguo yao kwa kamba ama akiingia kwao, si kitu kidogo. Ongea nao kabla, si baada.

4. Mbwa anataka muda kuliko doh

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Unaamka saa kumi na moja, unapigana na jam ya Thika Road, unarudi saa mbili usiku ukiwa umechoka. Hiyo ni masaa 15 mbwa amekaa peke yake. Mbwa ni mnyama wa kikundi. Ukimfungia pekee yake siku nzima atabweka, atakula viatu, atachana godoro, na si kwa sababu ana roho mbaya. Amechoka kukaa bure, ama anaogopa.

Papi ndiye mgumu zaidi. Wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya masaa machache, usiku pia unaamka. Na kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anajifunza dunia: watu, watoto, boda, mbwa wengine. Akipita huo muda akiwa amefungiwa kwa kibanda, anaweza kukua akiogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anauma haraka.

Mbwa wa kufungwa mnyororo mchana na usiku "ili awe mkali" ni story hiyo hiyo. Unapata mbwa ambaye hajui kutofautisha mwizi na shosho wa jirani.

5. Ugali peke yake haimtoshi

Tumezoea kuona mbwa anapewa mabaki ya ugali. Ataishi, lakini hatakuwa fiti. Anahitaji protini: omena, matumbo, nyama, mayai, ama chakula cha mbwa cha duka. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, ju inavunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Halafu kuna hii ya mahindi. Mahindi yakioza ama yakiota ukungu, watu wanasema, "hiyo ipewe mbwa." Ule ukungu unatoa aflatoxin, sumu ile ile inayofanya unga uondolewe madukani, na mbwa ni kati ya wanyama wanaoumizwa nayo haraka. Inamaliza ini. Kama wewe huwezi kula huo unga, usimsongee.

6. Akiuma mtu, ni kesi yako

Kichaa cha mbwa kinaua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu kesi zote za binadamu zinatoka kwa mbwa. Ukishaanza kuonyesha dalili, kupona ni karibu haiwezekani. Kenya ilianzisha mpango mwaka wa 2014 wa kumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na silaha kubwa ni kuchanja mbwa. Kwa hivyo ukiruka chanjo ya mwaka kuokoa doh, unachezea maisha ya watoto wa ploti nzima.

Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha enda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake petroli, usingoje uone kama itapona. Utadungwa sindano kadhaa kwa wiki kadhaa, na lazima umalize zote.

Kwa upande wa sheria, Kenya ina sheria ya kichaa cha mbwa na ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha sheria yake ya mbwa mwaka wa 2015. Na kutochukua tahadhari kuhusu mnyama wako anayeweza kudhuru watu ni kosa la jinai. Mbwa wako akirarua mtoto wa wenyewe, "kwani alikuwa anafanya nini hapo?" haitakusaidia kwa karao wala kwa hakimu.

7. Usipompangia uzazi, atajipangia

Mbwa jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Hapo utajua mbwa dume wote wa mtaa, ju watalala kwa geti yako. Mimba ni siku 63 hivi, halafu una papi sita ama wanane ambao hakuna mtu aliwaitisha. Wengi wa hao ndio huishia kwa gunia, kwa jaa la taka ama kwa karatoni pale barabarani. Kumfunga kizazi ni upasuaji unaolipwa mara moja. Weka hiyo bei kwa hesabu yako tangu mwanzo, hata ya dume.

8. December itafika

Mko na mpango wa kwenda ocha wiki mbili. Nani anabaki na mbwa? Umepata job Kisumu, ama dili ya Qatar imeiva. Nani anamchukua? Ukijibu "sijui, tutaona," basi umejibu. Hivyo ndivyo mbwa wengi wanaachwa kwa geti ya keja tupu, wakingoja mtu ambaye hatarudi. Mbwa haelewi kwamba kodi ilipanda. Yeye anajua tu sauti ya miguu yako, na anaendelea kuisikiliza.

Na hata ukifanya kila kitu sawa, kwa kawaida atakufa kabla yako. Utalia, usijidanganye. Halafu utagundua kwa ploti ya Nairobi hakuna mahali pa kuzika mbwa.

Sasa ufanye nini?

Kaa chini na haya maswali, ujibu kwa ukweli: Landilodi amekubali kwa maandishi? Nikikosa job miezi mitatu, mbwa atakula nini? Kila siku nani anakuwa naye mchana? Nikisafiri nani anabaki naye, na huyo mtu ameshakubali? Nina akiba ya daktari? Niko tayari kwa miaka 10?

Kama majibu matatu ama zaidi ni "hapana," ngoja. Haikufanyi uwe mtu mbaya. Saidia beshte kutembeza mbwa wake, ama mkae na mbwa wa mtu wakati ameenda ocha, uone kama hayo maisha unayaweza kabla yawe yako.

Na kama uko tayari, usianzie barabarani. Nairobi kuna KSPCA, wanaookoa mbwa waliotupwa na kuwatafutia wenyewe wapya. Chukua mbwa mkubwa kiasi. Tabia yake inajulikana tayari, amepita umri ambao parvo inaua zaidi, na hatakojoa kwa godoro kila usiku. Zaidi ya yote, huyo ameshaachwa mara moja. Mchukue kama una uhakika hutakuwa wa pili.