Kidau: dau dogo au kichupa cha wino?

Juzi nilikuwa Msambweni nikitafutia wino kalamu yangu kuukuu ya chuma, nyembamba, ya kujazwa. Nikamwuliza kijana dukani: "Mwanangu, kidau cha wino kipo?" Akanionyesha ufuoni: "Vidau viko kule, mzee!"

Hakukosea. Kidau ni dau dogo. Pia ni kichupa cha wino. Maana hii ya pili inafifia kwa sababu biro huja na wino wake. Neno "kalamu", tulilolipata kwa Kiarabu, awali lilitaja utete uliochongwa ncha. Chuma kikaja, jina likabaki kwani kazi ilibaki.

Neno hudumu likiwa na kazi. Ndiyo maana kalamu zangu sizifungii kabatini: nazijaza kidauni, naandikia.