Programu Zilizofungiwa Mlango

Tarehe 19 Septemba 2017 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa iOS 11. Kwa kila aliyeupakia, programu za biti 32, zilizotungwa kwa simu za kabla ya iPhone 5s ya 2013 na zisirekebishwe, zikakataa kufunguka. Mwenye simu akaambiwa mtungaji hana budi kuzirekebisha. Na mtungaji aliyeacha kazi, au aliyefariki, ataitwa na nani? Flappy Bird, mchezo wa Dong Nguyen wa Vietnam, ulinyamaza hivyo hivyo. Mchezo si kitu. Mimi nahofia sauti za wazee wetu, kasida na mashairi yaliyorekodiwa ndani ya programu moja tu. Zangu nazihamisha kwenye faili za kawaida, zinazofunguka popote, kabla sijaukubali mfumo wowote mpya.