Kufasiri, kuunganisha, kupakia: kusoma makosa ya ujenzi wa programu za grafu

Kitenzi kujenga, kinapotumika kuhusu programu za kompyuta, hutaja kazi nzima ya kugeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa programu inayoendeshwa. Ndani ya kazi hiyo mna kufasiri na kuunganisha, kisha programu inapoitwa ifanye kazi hufuata kupakia. Kila hatua ina makosa yake na mahali pake pa kurekebishwa. Mfasiri anayeyaita yote "makosa ya ujenzi" humpa mwanafunzi jina la maradhi bila kumwambia kiungo kinachouma. Mwanafunzi huyo anaweza kumaliza juma zima akisahihisha maandishi yasiyo na kosa, ilhali kilichokosekana ni neno moja mwishoni mwa amri.

Mfano unaofaa kuzionyesha hatua hizo ni PGPLOT, maktaba ya kuchorea grafu za kisayansi ambayo Tim Pearson wa Caltech, Marekani, alianza kuiandika mwaka 1983, na ambayo wanaastronomia waliitumia kwa miaka mingi. Imeandikwa hasa kwa Fortran, ina sehemu za C, na juu yake kuna tabaka jembamba liitwalo CPGPLOT kwa ajili ya wanaoandika programu zao kwa C. Toleo la 5.2.2 ni la 2001. Umri huo ndio unaoifanya iwe darasa zuri: anayeijenga leo kutoka katika maandishi yake asilia hukutana, moja baada ya jingine, na karibu kila aina ya kosa inayozungumzwa hapa.

Kwanza, jina la hatua ya kwanza. Kitenzi cha Kiingereza compile, katika matumizi ya kawaida, maana yake ni kukusanya, kama mtu anavyokusanya mashairi yakawa diwani. Ndiyo sababu wapo wanaosema "kukusanya programu". Kihistoria hawakukosea. Grace Hopper alipounda mfumo wa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC I, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mfumo huo ulichukua taratibu zilizokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa, ukazipanga pamoja zikawa programu moja. Huko kulikuwa kukusanya kweli. Lakini kompaila ya leo haikusanyi kitu: husoma faili la maandishi na kulitoa katika lugha ya mashine. Kazi ya kukusanya imehamia hatua ya pili. Anayeiita hatua ya kwanza "kukusanya" huipa jina la jirani yake, na msomaji anayekijua Kiswahili vizuri ndiye atakayepotea zaidi.

Kufasiri ni bora, tena kuna faida ya ziada. Kiswahili hutofautisha mfasiri, anayemaliza matini kwa maandishi kabla ya kuitoa, na mkalimani, anayemfuata msemaji sentensi kwa sentensi. Tofauti iyo hiyo ipo kati ya kompaila na zile programu zinazotekeleza maandishi hatua kwa hatua yanaposomwa. Mwalimu anayefundisha somo hili hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Kosa la kufasiri hujitambulisha kwa kutaja faili na namba ya mstari. Katika PGPLOT mfano wake ni faili pndriv.c, linaloandika picha za PNG. Liliandikwa wakati maktaba ya libpng ilipokuwa ikiacha wazi mambo yake ya ndani. Tangu toleo la 1.5 la libpng mambo hayo yamefichwa, na kompaila hulalamika "dereferencing pointer to incomplete type". Tafsiri ya neno kwa neno, "aina isiyokamilika", humfanya mwanafunzi adhani kwamba ni yeye ambaye hakumaliza kuandika. Maana yake ni kwamba maandishi yanataka kuingia ndani ya kitu ambacho undani wake haukuonyeshwa. Dawa ni kuomba kwa njia halali: pale palipoandikwa png_ptr->jmpbuf huandikwa png_jmpbuf(png_ptr).

Kabla hata ya kufika hapo, wengi hukwama kwenye ujumbe wa programu ya make: "No rule to make target 'png.h', needed by 'pndriv.o'". Ukifasiriwa "hakuna sheria ya kufanya lengo", unakuwa Kiswahili kisichosema chochote. Lengo hapa ni faili linalotakiwa kupatikana, na sheria ni maelekezo ya kulitengeneza. Tafsiri inayosaidia ni hii: "Faili png.h linahitajika ili kutengeneza pndriv.o, lakini halipo, wala hakuna maelekezo ya kulitengeneza." Msomaji wa sentensi hiyo anajua mara moja la kufanya. Atagundua kwamba orodha ya ujenzi inalitafuta png.h katika saraka ileile ya ujenzi, ilhali kwenye mashine nyingi za Linux liko chini ya /usr/include. Hivyo atalifuta hitaji hilo katika orodha, au ataandika njia sahihi.

Hatua ya pili ni kuunganisha. Mnyambuliko wake unafaa kutazamwa: kuunga, kuungana, kuunganisha. Ni kuvifanya viungane vitu ambavyo kila kimoja kiko peke yake, na ndiyo kazi yenyewe hasa, kwani mafaili yaliyofasiriwa yana majina yanayotajana bila kukutana. Programu inayofanya kazi hiyo haifai kuitwa kiunganishi. Neno hilo limekwisha kuchukuliwa na sarufi, ambako "na", "lakini" na "au" ni viunganishi. Kiungo nalo limebeba mzigo mzito tayari, kutoka jikoni na mwilini hadi kwenye intaneti. "Kosa la kiungo" litaeleweka kuwa ni anwani ya tovuti isiyofunguka. Kiunganishaji ni neno refu, lakini halina mpinzani.

Ujumbe mashuhuri wa kiunganishaji ni "undefined reference to", ukifuatwa na jina. Tafsiri iliyo rahisi kufikiwa ni "rejeo lisilofafanuliwa". Ni sahihi kwa kamusi na inapotosha kwa vitendo, kwa sababu kufafanua ni kueleza zaidi, na mwanafunzi atarudi kwenye maandishi yake aongeze maelezo. Hakuna kinachohitaji maelezo. Programu imelitaja jina, faili la matangazo limethibitisha kwamba jina hilo lipo mahali fulani, kompaila imeridhika, lakini kiunganishaji kilipotafuta mwili wa utaratibu wenyewe hakikuuona. Watumiaji wa kamusi wanaijua hali hii: kidahizo kimeandikwa "taz." pamoja na neno jingine, na ukifungua ukurasa wa neno hilo, halimo. Kasoro haiko katika kidahizo cha kwanza. Ama neno limesahauliwa, ama liko katika juzuu ambayo haikuletwa mezani. Kwa hiyo hupendekezwa: "jina limetajwa, mwili wake haukupatikana".

Ni juzuu ipi? Jina lenyewe hujibu, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kuitambua ngeli kwa kiambishi awali, yuko nyumbani. Ikiwa jina linalokosekana ni cpgopen, maktaba iliyosahauliwa ni CPGPLOT. Likiwa pgopen_, lenye kistari cha chini mwishoni, ni PGPLOT yenyewe. Kistari hicho ni kiambishi tamati ambacho kompaila za Fortran kwa kawaida huyatia majina ya taratibu zake, na ndicho kinachoonyesha kwamba jina limetoka upande huo. XOpenDisplay ni la ukoo wa X11, mfumo wa madirisha. Majina yanayoanza na png_ ni ya libpng. Yanayoanza na _gfortran_ ni ya maktaba inayoandamana na kompaila ya Fortran ya GCC, nayo hukosekana pale programu ya C inapounganishwa kwa gcc bila kuitaja maktaba hiyo. Majina kama s_wsfe na do_fio ni mabaki ya kompaila ya zamani, g77, iliyoachwa kuanzia GCC 4.0 mwaka 2005. Yakionekana, faida ya kuongeza maktaba ni ndogo: PGPLOT iliyopo ilijengwa kwa kompaila nyingine, na heri ijengwe upya.

Ipo hali inayowachosha hata wazoefu: maktaba zote zimetajwa na kosa bado lipo. Kiunganishaji cha GNU husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na kinapofikia maktaba tuli huchukua yale tu yanayohitajika kufikia wakati huo. Maktaba ikitangulia faili linaloihitaji, hupitwa mikono mitupu. Basi anayehitaji hutangulia, anayehitajiwa hufuata:

gcc grafu.c -lcpgplot -lpgplot -lX11 -lpng -lgfortran -lm

CPGPLOT inaitegemea PGPLOT, nayo PGPLOT inazitegemea zinazofuata. Kubadilisha nafasi za mbili za mwanzo kunatosha kuleta msururu wa majina yasiyopatikana, ingawa hakuna kilichoondolewa. Mfasiri wa mwongozo asiandike kwamba maktaba hizo "ziongezwe". Aandike kwamba "zitajwe kwa mpangilio huu".

Ujumbe "cannot find -lX11" ni tofauti na huo. Hapa si jina moja lililokosekana, ni maktaba nzima. Herufi -l husomwa lib, hivyo kinachotafutwa ni libX11. Mara nyingi mtumiaji hushangaa, kwa kuwa madirisha yanafunguka kwenye mashine yake, maana yake X11 ipo. Ipo kwa kuendeshea. Faili la kuunganishia husambazwa kando, kwa mfano katika Debian na Ubuntu hupatikana katika kifurushi libx11-dev.

Hatua ya tatu, kupakia, hutokea baada ya ujenzi kufaulu, na kosa lake husema "error while loading shared libraries: libpgplot.so: cannot open shared object file". Neno object limewaponza wafasiri wengi: katika sarufi ni yambwa au shamirisho, na katika sentensi nyingine ni kitu au lengo. Hapa si mojawapo ya hayo. Ni faili la msimbo uliokwisha kufasiriwa, na shared ina maana kwamba programu nyingi hulitumia pamoja: "maktaba ya pamoja libpgplot.so haikufunguka". Kujenga upya hakusaidii. Mfumo uambiwe maktaba iko wapi, ama kwa mpangilio wa mazingira LD_LIBRARY_PATH, ama kwa kuiweka saraka hiyo katika orodha ya mfumo na kuendesha ldconfig. Inafaa pia kukumbusha kwamba maktaba tuli hainakiliwi hivyo: vipande vyake vilivyohitajika huingizwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kuunganisha, kwa hiyo haiwezi kuleta kosa hili.

Hatimaye grafu inaweza kutokea ikiwa na mistari yake yote lakini bila herufi wala namba. PGPLOT huwa imeonya: "%PGPLOT, Unable to read font file". Hili si kosa la kufasiri, si la kuunganisha, wala si la kupakia. Programu imekamilika na inafanya kazi, ila haikuliona faili grfont.dat lenye maumbo ya herufi. Huelekezwa kwa PGPLOT_FONT au PGPLOT_DIR. Katika tafsiri, majina hayo mawili, kama majina yote ya mafaili na taratibu yaliyotajwa hapo juu, hubaki herufi kwa herufi, kubwa kwa ndogo, kwa sababu kompyuta haitambui grfont.dat na GRFONT.DAT kuwa ni kitu kimoja pale Linux inapotumika.