Mgeni Akishuka Melini, Nani Humsimulia?

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, Bibi alitujia Ruangwa kutoka Nachingwea. Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, binti yetu aliye darasa la sita alimwonyesha katika simu picha za nchi ya mbali. Maji yalikuwa yakiruka kutoka ardhini, mvuke umetanda baina ya nyumba, na wanawake wamesimama mbele ya ua wakiwaita wageni kwa sauti ya juu. Bibi alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili: "Maji hayo yanachemshwa na nani? Na hao wanaoita, ni wenye mji, au wameajiriwa na wenye meli?"

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Nchi ile ni Nyuzilandi, na mji unaitwa Rotorua. Maji ya mvua huzama chini sana, yakakutana na miamba iliyopata joto la moto wa ndani ya ardhi, kisha yakarudi juu yakiwa yanachemka. Joto hilo ndilo tunaloliita jotoardhi. Kenya wamezalisha umeme kwa joto la namna hiyo huko Olkaria tangu mwaka 1981, na hapa Tanzania utafutaji wake unaendelea Ngozi mkoani Mbeya na Luhoi katika bonde la Rufiji. Bibi alisema, "Subhanallah," akatusubiri tujibu la pili.

La pili lilitutaka tusome kidogo. Meli kubwa za kitalii hutia nanga katika bandari ya Tauranga, abiria wakapanda mabasi kwenda Rotorua na kurudi kabla meli haijaondoka. Siku moja tu. Lakini wanaowapokea ni Wamaori, wenyeji wa nchi. Katika kijiji cha Whakarewarewa wakazi wanaishi hadi leo katikati ya chemchemi, wanapika chakula kwa mvuke, na wao wenyewe ndio wanaomwongoza mgeni. Mgeni rasmi haingii uani mwao hivi hivi. Husubiri nje mpaka mwanamke wa mji amwite, na salamu yao ni kugusanisha pua na paji la uso.

Kazi hiyo ya kuongoza wageni wameirithi. Usiku wa tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ulilipuka, ukafukia vijiji na matuta ya mawe ya waridi na meupe yaliyokuwa yakivuta watu wa Ulaya. Watu wapatao 120 walikufa. Mwanamke aliyekuwa maarufu kwa kuwaongoza wageni, Sophia Hinerangi, aliwahifadhi watu zaidi ya sitini katika nyumba yake usiku ule. Walionusurika walihamia penginepo, baadhi yao Whakarewarewa, na huko uongozaji wa wageni ukaendelea kupita kutoka kizazi hadi kizazi. Baadaye, watu wa mji walipochimba visima vingi mno kuvuta maji ya moto, chemchemi zilianza kudhoofika. Mwaka 1986 serikali iliagiza visima vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka chemchemi kuu ya Pohutu vifungwe, na maji yakapata nguvu tena.

"Basi ni wenye mji," Bibi alisema. "Na Kilwa je? Nako wanashuka wageni wa meli. Nani huwasimulia?"

Kabla hatujajibu, binti yetu aliuliza, "Kwani Kilwa kuna nini, Bibi?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilituumiza. Kilwa imo katika mkoa wetu huu huu wa Lindi. Mtoto amesoma madrasa tangu ana miaka mitano, anajua kusoma Qur'ani, anajua chemchemi za Rotorua. Lakini hajapata kuambiwa kwamba ndani ya mkoa wake umo msikiti uliokuwa ukiswaliwa miaka mia nane iliyopita. Kosa halikuwa lake. Malipo ya mnada wa korosho yalikuwa yameingia. Badala ya kununua seti mpya ya viti, tulikubaliana twende Kilwa, watu wanne.

Tulishuka Nanganga, tukapita Mtama na Mnazi Mmoja, tukalala Lindi, na asubuhi tukashika njia ya Mchinga kuelekea kaskazini. Tulipokaribia bonde la mto Mbwemkuru tulimweleza binti yetu kwamba upande wa bara, kusini mwa mto huo, kipo kilima cha Tendaguru. Baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya dinosaria, na wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita kumi na tatu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa karibu miaka mia moja bila kutajwa sana, mpaka mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipompa dinosaria wa Tendaguru jina la bohetii kwa kumkumbuka. "Kwa hiyo mifupa iko kwao na jina liko kwetu," Bibi alisema. Tulimjibu kwamba hata jina tulikuwa hatulijui.

Kilwa Masoko tulifika adhuhuri, tukalala. Kesho yake asubuhi tulilipa ada, tukapata kibali, tukavuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani. Siku hiyo meli ya kitalii ilikuwa imetia nanga nje ya mlango wa bandari, na vijiboti vyake vilikuwa vikiwaleta abiria ufukweni kwa makundi, na makoti yao ya kujiokolea na kofia zao pana. Nasi tukaingia nyuma yao, Bibi akiwa na kanga zake na bakora.

Msikiti Mkuu wa Kilwa umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe; sehemu kubwa ya kusini, yenye nguzo, matao na kuba, inahusishwa na zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Ni sultani huyo huyo aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari. Utajiri wao ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Tano kati ya sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji na kuupora. Mwaka 1981 UNESCO iliandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014.

Mlangoni pa msikiti Bibi alisimama. Watalii walikuwa wametangulia ndani, wanapiga picha nguzo na mihirabu. Yeye alivua kandambili zake, akaingia kwa mguu wa kulia, akatafuta mahali palipo safi chini ya kuba, akatandika kanga yake moja, akaswali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Taratibu kamera zikashuka. Mama mmoja wa makamo alimnong'oneza kiongozi, kijana wa kisiwani, akitaka kujua kwa nini bibi yule anaswali katika gofu.

Kijana hakujibu kwa niaba yake. Alisubiri mpaka Bibi alipotoa salamu, akamwamkia shikamoo, akamfikishia swali kwa heshima. Bibi alisema, "Marahaba, mwanangu. Mwambie paa ndilo lililoanguka. Wakfu haujaanguka." Kijana akatafsiri, kisha akaongeza la kwake: kwamba kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hapageuki kuwa mali ya mtu hata jengo likibomoka. Mama yule alitazama viatu vyake. Hakuvivua, maana sakafu ina mawe makali na hakuna aliyemwamuru. Lakini alitoka katika mihirabu, akasimama pembeni, na wenzake wakamfuata.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini Bibi aliuliza swali lile usiku wa kwanza. Mgeni hana kosa. Amelipa nauli, amekuja kutazama, na anafuata adabu anayoikuta kwa mwenyeji. Akimkuta mwenyeji ameketi kando, ataondoka na picha tu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Ruhusa ina pande mbili: yupo mwenye kuomba, na sharti awepo mwenye kutoa.

Chini ya mti, nje ya msikiti, kijana aliwasimulia wageni habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Alieleza jinsi msafiri huyo alivyomsifu Sultani Al-Hasan kwa ukarimu, hata watu wakamwita Abul-Mawahib, yaani mwenye vipaji. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Naye sultani, alipoona watu wamefurahi, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Wageni walitabasamu kwa kisa cha nguo. Binti yetu hakutabasamu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Watumwa hao walikuwa watoto wa nani?"

Kijana alinyamaza, na tunamshukuru kwamba hakugeuza maneno. Alisema kwamba Ibn Battuta mwenyewe ameandika habari za mashambulizi ya sultani katika nchi za bara. Kisha akaeleza habari za karne ya 19, pale Kilwa Kivinje, ilipofika misafara kutoka Ziwa Nyasa ikipita bara ya kusini, na watu wakauzwa kupelekwa Zanzibar na mbali zaidi, hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Bibi alimalizia kwamba utotoni mwake wazee wa Nachingwea walikuwa bado wakizitaja njia zile, na kwamba njia hizo hizo ndizo baadaye zilizopitiwa na walimu waliobeba misahafu kwenda bara. "Yote mawili yalipita hapo," alisema. "Msimulieni mgeni yote mawili." Tunaona huo ndio uaminifu. Mwenye kusimulia fahari peke yake, mgeni atakwenda kuisoma aibu katika kitabu cha mwingine, na hatamwamini tena.

Jioni, tukiwa Masoko, tuliiona meli ikiondoka imewasha taa zote. Siku ya watalii ilikuwa imekwisha. Yetu tuliona ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu binti yetu alikuwa ameshika daftari, anamtaka Bibi amtajie majina ya walimu wa kwanza wa Nachingwea na vijiji walivyofundisha.

Wasomaji wetu wa Nachingwea, Ruangwa na kwingineko, hatusemi kila familia ipande gari kesho kwenda Kilwa. Nauli tunazijua. Lakini yapo yaliyo karibu. Nachingwea ipo ardhi iliyolimwa karanga na Waingereza kuanzia mwaka 1947, mradi ulioshindwa na kuachwa mwaka 1951, na reli yake ikafungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Ipo kambi walikofunzwa wapiganaji wa FRELIMO, na alikotoka Samora Machel mwaka 1975 kwenda kuupokea uhuru wa Msumbiji. Ipo misikiti ya vijijini ambayo hakuna aliyeandika nani aliijenga. Na wapo wazee. Mtoto akitumwa kumpelekea babu uji, na aende na swali moja na kalamu.

Na vijana wanaotaka kazi ya kuongoza wageni, hiyo ni riziki ya halali ikifanywa kwa elimu na adabu. Zipo pia boti za kuvusha, mikeka ya kusuka, chakula cha kupika. Lakini yapo yasiyouzwa. Mafunzo ya unyago si maonyesho. Mama anayeswali hapigwi picha bila idhini yake. Na watoto wasifundishwe kuwafuata wageni wakiomba fedha. Wamaori wanampokea mgeni, na bado ni wao wanaomwambia asubiri nje mpaka aitwe. Nasi tunaamrishwa kumkirimu mgeni, na ukarimu haujawahi kumfanya mwenye nyumba awe mgeni katika nyumba yake.

Tulipomrudisha Bibi Nachingwea, binti yetu alimwomba samahani kwa swali lake la kwanza, lile la Kilwa kuna nini. Bibi alicheka. "Hukukosea, mjukuu wangu," alisema. "Ulipiga hodi. Sisi ndio tuliochelewa kuitikia."