Kompyuta: soma kwanza, hesabu baadaye

Andikia kompyuta 2 + 3, itakupa 5 palepale. Lakini mwalimu anayetayarisha mazoezi hataki jibu. Anataka wanafunzi waone 2 + 3 yenyewe. Afanye nini?

Njia ilipatikana kitambo. Mwaka wa 1958, Mmarekani John McCarthy, wa chuo kikuu cha MIT, alianzisha Lisp, lugha ya kuandikia programu ambamo hata amri ni orodha. Humo, (+ 2 3) inatoa 5. Ukitia alama ndogo mbele, '(+ 2 3), mashini inaacha orodha jinsi ilivyo. Unaweza kuifungua, kuchukua kipande hiki ama kile na kukibadilisha. Ukitaka jibu, unatumia neno eval.

Programu ya Mathematica, iliyotoka mwaka wa 1988, inatumia Hold kwa kuzuia na ReleaseHold kwa kuachilia.

Jambo hili haliwahusu walimu peke yao. Orodha iliyotoka kwa mtu usiyemjua inaweza kuficha amri ya kufuta mafaili yako. Ikizuiliwa, inabaki maandishi tu, nawe unaichunguza. Ukiiachilia bila kuisoma, kompyuta itatii.