Kuachishwa Kazi na Safari ya Kudai Akiba

Ndugu wafanyakazi, kila mara kiwanda kinapopunguza watu hapa Uganda, swali la kwanza tunaloulizwa ofisini ni hili: tutalipwa nini mpaka tupate kazi nyingine? Jibu letu halimfurahishi mtu. Hapa kwetu hakuna posho ya kila mwezi kwa aliyekosa kazi. Ndugu zetu wa Tanzania walipata fao la kukosa ajira kwa sheria ya mwaka 2018, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia miezi isiyopungua 18. Kenya nao, kwa sheria ya mwaka 2007, mwajiri anayepunguza watu hulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Sisi tunategemea notisi, na akiba yetu wenyewe iliyoko katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF.

Notisi si hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilitoa mwezi 1 kwa aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, na miezi 3 kwa aliyezidi hapo. Mwajiri akitaka uondoke leo, akulipe hiyo miezi.

Akiba ndiyo yenye safari ndefu. Kila mwezi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wako, na mwajiri huongeza 10 zake. Lakini fedha hiyo huitoi kwa sababu tu umeachishwa. Mwenye miaka 50 huichukua baada ya kukaa mwaka mzima bila ajira. Mwenye 55 hasubiri huo mwaka. Tangu Januari 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20. Binti wa miaka 28 aliyeachishwa pamoja na mama yake hapati kitu mwaka huo, ingawa fedha ni yake. Jambo hilo tumelisema mikutanoni na tutazidi kulisema.

Sasa tuwaeleze yaliyompata mwenzetu mmoja, fundi wa mashine za kufuma pale Jinja. Aliachishwa akiwa na miaka 51. Akavumilia mwaka wake kwa kulima mihogo na kukopa kwa shemeji. Siku ya kwenda kudai akavaa shati la kanisani. Karani akamwonyesha taarifa yake: michango ilikoma miezi 26 kabla ya kuachishwa, na hali karatasi zake za mshahara zinaonyesha alikatwa kila mwezi! Tena jina lake kwenye kitambulisho cha taifa lilikuwa na herufi moja isiyofanana na lile la mwajiri. Karani hakuwa na kosa. Hawezi kulipa kisichopelekwa. Mwajiri ndiye aliyekata akakalia.

Kilichomwokoa ni mkewe, ambaye alikuwa akizitunza karatasi za mshahara katika kopo la maziwa ya unga. Bila hizo tungekwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya tukiwa na maneno matupu.

Kwa hiyo tunawaomba, ombeni taarifa ya michango mkiwa bado kazini, wala msingoje barua ya kuachishwa. Jina likipishana, lisahihishwe sasa, maana mwajiri akifunga lango hutajua umtafute wapi. Siku ya kuondoka dai barua yenye tarehe, na cheti cha utumishi. Sheria inakupa haki ya kukiomba. Usitie sahihi kwamba umelipwa yote kabla hatujahesabu pamoja. Unaona umeonewa? Miezi 3 tu unayo ya kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi, na wengi huimaliza wakingoja ahadi za meneja. Watu 10 au zaidi wakiachishwa katika muda huo huo wa miezi 3, mwajiri anatakiwa kukitaarifu chama, na Kamishna wa Kazi pia kwa maandishi. Mkisikia fununu tuleteeni mapema, hata usiku.

Yule fundi tulikwenda naye mara nne. Jina limesahihishwa. Katika ile miezi 26, mwajiri amekwisha kupeleka 7, na wiki ijayo tunarudi kwake kuuliza habari za 19 iliyobaki.